Nadhiri ya Mwadime Shimoni

Kabla sijaanza, nina kosa la kukiri. Hadithi hii niliwahi kuisimulia matangani, mbele ya watu wa dini yangu peke yao, na ili mtu wetu ashinde nikawapunguza wengine. Mmoja nilimnyamazisha. Mwingine nilimtoa kabisa, kana kwamba siku ile alikuwa amesafiri. Watu wakaridhika, wakaniongezea chai. Nilipofika nyumbani sikupata raha, maana nilikuwa nimesema uongo juu ya sala, na uongo wa namna hiyo sijui unaombewa msamaha kwa maneno gani. Leo nawaleta wote, kila mtu na kauli yake. Shule niliishia darasa la nne, basi mkiona nimepotoka katika mpangilio, nivumilieni. Watu sitawapunguza.

Hapo zamani, katika nyika iliyo chini ya vilima vya Wataita, palikuwa na kijiji ambacho mvua yake ilinyesha kwa majirani. Mawingu yalipita juu yao, wakayatazama, yakaenda kunyesha mlimani. Mwisho wanakijiji wakasema, "Kama maji hayatushukii, tutayafuata yaliko." Wakaanza kuchimba kisima.

Kwenye kazi hiyo walikuwapo watu watatu waliojulikana kwa sala, na mmoja aliyejulikana kwa kukosa sala.

Wa kwanza ni Mama Priska. Huyu hakuchimba, alipika. Alikuwa Mkristo wa kanisa la mlimani, na chakula chake hakikuguswa kabla hajakiombea. Sala yake ilianza kwenye chakula, ikapita kwa wagonjwa, ikawafikia wajane na wasafiri, ikawagusa wenye mamlaka, ikarudi kwenye chakula kikiwa kimepoa.

Wa pili ni Sudi, Mwislamu, mshika kamba. Yeye ndiye aliyewashusha watu shimoni na kuwapandisha. Wakati wa sala ukiingia, Sudi aliifunga kamba kwenye kisiki akaenda kusali, na aliyekuwa chini akabaki chini mpaka Sudi atoe salamu. Alisali juu ya mwamba mpana uliokuwa karibu na shimo, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na miiba. Maji ya udhu hayakuwapo, basi alitayamamu kwa vumbi, na vumbi lilikuwapo la kutosha.

Wa tatu ni Nyambu. Nyambu hakuwa amebatizwa wala kusilimu, na hakuwa na haraka. Alishika sala ya wazee wake, inayoitwa kutasa. Mtu anayetasa huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa ikiwapo, akalipuliza nje, fuu, huku akiitaja hasira iliyomo moyoni mwake: nina hasira na fulani, kwa jambo fulani, na sasa naitoa. Wazee walifundisha kwamba hasira iliyofichwa huua watu na mifugo hata kama mwenyewe amekaa kimya. Nyambu alipokuwa hana hasira alikuwa mtu wa kupendeza. Magogo yaliyoegemezwa kwenye kuta za shimo ili udongo usianguke yalikuwa mali yake. Aliwaazima wenzake.

Wa nne ni Mwadime. Mwadime alikuwa na mke aitwaye Samba, mtoto mchanga mmoja, na ng'ombe mmoja wa maziwa aitwaye Madoa. Sala hakuwa nayo. Si kwamba alikataa kusali. Alijaribu.

Alijaribu kwa Sudi. Sudi akamwangalia mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, kuinama umeinama vizuri. Sala bado."

Alijaribu kwa Mama Priska. Mama Priska akafumbua jicho moja, akasema, "Mwanangu, hivyo ndivyo mtu anavyomwagiza mtoto alete kigoda. Hivyo sivyo mtu anavyosema na Mungu."

Alijaribu kwa Nyambu. Akatia maji kinywani, akapuliza, fuu. Nyambu akauliza, "Umetaja hasira gani?" Mwadime akasema, "Sina hasira." Nyambu akasema, "Basi umemwagilia mchanga. Na maji yenyewe yalikuwa yangu."

Wachimbaji wakacheka. Tangu siku hiyo Mwadime hakusali tena mbele ya mtu. Mama Priska alipoanza sala ya chakula, Mwadime alikwenda kukaa nyuma ya kichaka. Ilipotamkwa "Amina," mkono wake ndio uliofika kwanza kwenye sinia. Wakamzoea hivyo.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Jua lilikuwa kichwani. Wachimbaji walipanda wote kutoka shimoni wakaenda kujinyoosha kwenye kivuli cha migunga, mbali kidogo. Mwadime akabaki nyuma. Akajiuliza, "Mtu akitaka kusali bila kusahihishwa, aende wapi?" Akatazama kushoto, watu. Akatazama kulia, miiba. Akatazama shimo. Akashuka kwa zile ngazi zilizochimbwa ukutani za kutilia vidole vya miguu, ambazo wengine walizikanyaga wakiwa wameshika kamba tu; yeye hana kamba, hana mwenzake, akakaa chini kabisa, kwenye giza na ubaridi, kando ya mtaimbo ulioachwa na wachimbaji. Akaanza.

Ukuta mmoja ukaporomoka.

Watu wakasikia kishindo, wakaja mbio, wakakuta shimo limejaa udongo na vumbi linapanda. Wakasimama ukingoni. Mama Priska, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na sinia kichwani, akasema, "Asante Bwana, hakukuwa na mtu ndani." Sudi akasema, "Alhamdulillahi, hakukuwa na mtu ndani." Nyambu akageuka kuelekea kilimani wanakolala wazee wake, akashusha pumzi ndefu, asiseme kitu. Mungu akashukuriwa kwa kila njia iliyokuwapo kwamba hakukuwa na mtu ndani.

Mwadime alikuwa ndani.

Wakakaa kula. Siku hiyo ilikuwa kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe. Mama Priska aliomba kwa urefu kuliko desturi, maana palikuwa na muujiza wa kuongezea. Akafika mwisho, akasema, "Amina." Mkono ukaingia kwenye sinia. Mama Priska akaufuata kwa macho mpaka kwa mwenyewe. Ulikuwa wa Nyambu.

Akaupiga kofi.

"Mama, nimekosa nini?" Nyambu akauliza. "Si umesema Amina?"

"Huo si mkono wa kwanza," akasema Mama Priska. "Mkono wa kwanza huwa wa Mwadime. Yuko wapi?"

"Atakuwa nyuma ya kichaka."

"Kichaka hakina mtu. Nimekitazama."

"Ulikuwa umefumba macho, mama."

"Jicho moja," akasema Mama Priska.

Sudi akasema, "Huenda amekwenda nyumbani kumtazama ng'ombe wake. Tule, dada yangu, tutamwekea."

Mama Priska akachukua kawa, akalifunika sinia. Akasema, "Niliombea chakula cha watu wote walioitumikia kazi hii. Mmoja hayupo. Sala niliyoisema si ya kweli. Nairudisha Amina yangu."

Hakuna aliyewahi kusikia Amina ikirudishwa, na hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Lakini sinia lilikuwa limefunikwa na mkono wa Mama Priska ulikuwa juu ya kawa. Wakainuka wakaenda kumtafuta Mwadime, na walimtafuta kwa bidii. Sitasema bidii hiyo ilikuwa ya upendo mtupu. Kimanga kilikuwa kinapoa.

Mmoja akatumwa kwa Samba. Akarudi na Samba mwenyewe, mtoto mgongoni. Samba akasema, "Nyumbani hayupo. Kwa ng'ombe hayupo. Mmemfanya nini mume wangu?"

Hapo kila mtu akageuka kulitazama shimo.

Wengine wakasema, "Yumo." Wengine wakasema, "Hayumo. Angeshukaje, na Sudi hakushika kamba?" Wengine wakasema, "Kama yumo amekwisha kufa. Tumzike kwa kuongeza udongo juu." Samba alipolisikia hilo la mwisho akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Wakati wa alasiri ukaingia. Sudi akapangusa viganja kwenye vumbi, akapaka uso, akapaka mikono, akaenda kwenye mwamba wake.

"Sudi!" Mama Priska akaita. "Mtu amepotea nawe unakwenda kusali?"

"Mama Priska, wewe umetushikia chakula kwa ajili ya sala. Niache na mimi nishikwe na yangu."

Akasali. Akarukuu, akainuka, akasujudu, paji la uso juu ya mwamba. Na mwamba ukamgonga. Ngo. Ngo. Ngo. Sudi akajisemea, "Astaghfirullahi, huo ni wasiwasi wa shetani." Akaendelea. Akasujudu tena. Ngo. Ngo. Akasema, "Huo ni moyo wangu." Akaendelea. Rakaa ya pili akasujudu, mwamba ukagonga. Rakaa ya tatu akasujudu, mwamba ukagonga, na safari hii akajua: moyo wake haukuwa na mtaimbo. Ule mwamba ulikuwa mmoja na jiwe la chini ya shimo, na mtu alikuwa analipiga jiwe hilo kwa chuma.

Akamaliza rakaa ya nne. Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto. Ndipo akapiga kelele, "Yu hai! Yumo chini, yu hai, yuko upande huu wa mwamba!"

Watu wakarukia majembe. Wakakimbilia mdomo wa shimo, wakaanza kuchota udongo kwa fujo, huyu anavuta huku, yule anavuta kule.

"Acheni!" akasema Nyambu.

Hawakumsikia. Nyambu akaenda kwenye kibuyu cha maji, kilichokuwa kimoja tu na nusu yake imekwisha kunywewa, akakishika.

Samba akamdaka mkono. "Maji hayo ni ya mume wangu akitoka."

"Mke wa ndugu yangu, bila maji haya hatoki," akasema Nyambu. Akatia funda kinywani. Watu wote wana kiu, midomo imepasuka, wanamtazama. Akalipuliza maji yale mchangani, fuu, yakanywewa na vumbi, akasema kwa sauti:

"Nina hasira na Mwadime! Ng'ombe wake Madoa aliingia shambani kwangu akala kunde zangu zote. Nilipokwenda kumwambia akacheka, akasema ng'ombe hajui mipaka. Nikasema nami, sawa. Leo alfajiri nilikuja hapa peke yangu nikang'oa magogo yangu ya upande wa kilima, nikayaficha, na gizani mle hakuna aliyeona. Nikasema waporomokewe na udongo kazini, wajue magogo ni ya nani. Sikutaka mtu afe. Nilikuwa na hasira tu. Sasa naitoa. Yote. Imetoka."

Mtu mmoja akaanza kumwendea Nyambu na jembe, wala si la kuchimbia. Nyambu akasema, "Utanipiga baadaye. Sikilizeni. Magogo ya upande wa kilima hayapo. Mkichimba kutoka juu, mnakanyaga udongo usio na kitu cha kuushika, utamshukia. Magogo ya upande wa mwamba bado yapo, na yeye yuko huko. Tuchimbe kando, tumwingilie ubavuni, chini ya magogo yale. Mimi natangulia."

Akatangulia. Alichimba kama anayechimba kaburi la mama yake, na nyuma yake Sudi akipokea udongo, na nyuma ya Sudi Mama Priska, aliyeyaacha masinia yake, akiumwaga. Udongo ulitaka kuwaangukia, wakauzuia kwa mabega. Kabla jua halijafika kilimani, mkono wa Nyambu ukagusa mkono wa Mwadime. Wakamvuta. Akatoka mweupe kwa vumbi la jiwe kama aliyepakwa unga, mtaimbo bado uko mkononi.

Samba akalia. Watu wakashangilia. Na chini, pale alipotolewa, udongo ukaanza kulowa. Maji yalikuwapo. Baadaye walipoyaonja yalikuwa ya chumvi, lakini mifugo iliyapenda.

Mwadime akapewa kilichobaki kibuyuni. Akanywa, akatema udongo, akanywa tena. Neno lake la kwanza likawa, "Ni sala ya nani?"

"Amechanganyikiwa," wakasema.

"Sijachanganyikiwa. Nimeweka nadhiri. Nilisema: Ee Mungu, yule ambaye sala yake itanitoa humu, nitampa Madoa, ng'ombe wangu, awe wake na uzao wake. Nimesema kwa kinywa changu, katika giza, mahali ambapo mtu hasemi mchezo. Kwa hiyo niambieni. Ni sala ya nani iliyonitoa?"

Samba akaacha kulia. Akasema, "Mwadime, una mtoto."

"Najua nina mtoto."

"Mtoto anakunywa maziwa."

"Najua anakunywa maziwa. Na nadhiri isiyolipwa inakula watoto, hilo nalo nalijua. Ni sala ya nani?"

Mama Priska akajipangusa udongo, akasimama mbele. "Ni yangu. Ninyi wote mlikwisha kumshukuru Mungu kwamba shimoni hamna mtu. Mlikuwa mnakula! Bila sala yangu ya chakula, mngejua kwamba Mwadime hayupo? Hamngejua. Mngeshiba, mngelala, kesho mngesema amekimbia mke. Mimi niliirudisha Amina yangu. Mnajua uzito wa kurudisha Amina? Tangu nibatizwe sijawahi. Ng'ombe ni wangu."

Sudi akasimama. "Dada yangu, kweli ulijua hayupo. Ukajua yuko wapi? Hukujua. Wengine walitaka kumwongezea udongo. Bila sujudu yangu, mngejua yu hai? Hamngejua. Nani kati yenu huweka uso wake chini? Mnaomba mmekaa, mnaomba mmesimama, masikio yenu yako juu angani na Mwadime yuko chini ya ardhi. Ng'ombe ni wangu."

Nyambu akasimama, mwekundu kwa udongo tangu kichwani. "Kweli mama alijua hayupo. Kweli Sudi alijua alipo. Mngemtoa? Mngemuua. Mlikuwa mnamchimbia kichwani kwa majembe. Bila kutasa kwangu, mngejua magogo yapo upande gani? Hamngejua. Na mtu asiyetasa angesema yale niliyosema, mbele ya watu wenye majembe? Angenyamaza, mngechimba, Mwadime angekufa, naye angekuja matangani kula. Ng'ombe ni wangu. Tena nusu ya nyama yake ni kunde zangu."

Mama Priska akamgeukia. "Wewe! Wewe ndiye uliyemfukia! Mtu anayechoma nyumba kisha anaita watu, analipwa?"

"Nilikosa, mama, na nimesema. Wewe umesema lako?"

"Langu lipi?"

"Kwa nini Mwadime alikuwa shimoni?"

Wote wakamtazama Mwadime. Mwadime akatazama mtaimbo. Akasema, "Nilikwenda kusali."

"Shimoni?"

"Kwingine mlikuwapo ninyi."

Sudi akageuka kuitazama kamba yake kisikini.

Kisha Nyambu akasema taratibu, "Basi mama alimwambia anamwagiza mtoto alete kigoda. Sudi alimwambia sala bado. Mimi nilimwambia anamwagilia mchanga. Mimi nilitoa magogo, lakini kumsukuma ndani tulimsukuma watatu."

"Tena Sudi," akasema Mama Priska, maana alitaka asemwe mwingine, "ulisikia mwamba ukigonga rakaa ya ngapi?"

Sudi akasema, "Ya kwanza."

"Ukapiga kelele rakaa ya ngapi?"

"Baada ya salamu." Akainamisha kichwa. "Nilidhani ni shetani. Halafu nikadhani ni moyo wangu. Nilipojua, zilikuwa zimebaki kidogo. Sheria inaniruhusu kuikata sala kumwokoa mtu, naijua. Sikuikata. Lakini niseme na hili: kama ningeinuka kwenye ile ngo ya kwanza, ningesema nimesikia wasiwasi, na mngenicheka. Ni kule kurudia kusujudu kulikonihakikishia."

Watu wakaanza kutoa ushauri, kama watu wafanyavyo panapokuwa na ng'ombe wa mwingine. Mmoja akasema, "Achinjwe, tule wote." Sudi akasema, "Nitachinja mimi, ama sitakula." Nyambu akasema, "Ni ng'ombe wa nadhiri. Mbele ya wazee huchinjwa kwa desturi yao, na matumbo yakasomwa." Mama Priska akasema, "Sadaka hupelekwa kanisani hai, ikanadiwa siku ya mavuno." Kwa hiyo hakuchinjwa. Mwingine akasema, "Wampokezane, kila mtu siku yake." Mwadime akasema, "Sikusema nitawapa wao. Nilisema nitampa yeye."

Ndipo Samba akasogea, mtoto anamvuta shingo. Akasema, "Nina swali, nami sikusoma dini yoyote mpaka mwisho. Mwadime alikuwa anafanya nini shimoni?"

"Anasali."

"Na aliyemfanya Sudi asikie ni nani? Si yeye, na mtaimbo wake? Basi kama ni sala iliyomtoa, ni sala yake mwenyewe. Ng'ombe arudi zizini kwangu, na ninyi nyote asanteni sana."

Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Mama Priska akasema, "Mwanangu, mtu hawezi kujilipa nadhiri yake mwenyewe!" Samba akasema, "Kwa nini? Alisema yule ambaye sala yake itanitoa. Hakusema mtu mwingine."

Wakamgeukia Mwadime. Sudi akamwuliza, "Ulisali kwa njia gani kule chini? Sema kweli."

Mwadime akasema kweli. "Nilianza kwa njia yako, nikasahau katikati. Nikaendelea kwa njia ya Mama Priska, nikafika kwa wajane na wasafiri, sikujua kinachofuata. Udongo ukaanguka. Nikajaribu kutasa. Maji sikuwa nayo, nikapuliza mate, na mate nayo yalikuwa udongo. Nikataja hasira zangu. Safari hii nilikuwa nazo." Akawatazama mmoja mmoja. "Niliwataja ninyi watatu. Nilipomaliza kuwataja nikaweka nadhiri. Kisha maneno yakaniishia, nikaanza kupiga mtaimbo kwenye jiwe. Sikuwa nawaita ninyi. Sikuwa najua kama kuna mtu juu. Nilipiga tu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki."

"Hiyo ni sala," akasema Samba.

"Hiyo ni kelele," akasema Mama Priska, lakini hakusema kwa nguvu.

Mwadime akashika kichwa. "Nikimchukua mwenyewe, nitalala usiku nikijiuliza kama nimemwibia Mungu. Nikimpa mmoja wenu naye siye, nimekosa ng'ombe na nadhiri bado ninayo. Siwezi kuamua. Mimi ndiye niliyetolewa. Mtu aliye shimoni haoni nani anavuta."

Basi Madoa akaletwa, akafungwa kwenye kile kisiki cha kamba, katikati yao, ili asionekane yuko kwa mtu. Jioni ikaingia, wakati wa kukamua. Samba akaja na kibuyu chake. Sudi akasema, "Subiri. Utakamua ng'ombe wa nani?" Mama Priska akaja na chungu. Nyambu akasema, "Subiri, mama. Utakamua ng'ombe wa nani?" Hata ndama akafungwa mbali, maana naye angekunywa maziwa ambayo mwenyewe hajulikani. Mtoto wa Mwadime akaanza kulia njaa. Madoa akaanza kuroroma.

Sudi akasali magharibi kwenye mwamba, akaomba haki ijulikane. Mama Priska akapiga magoti, akaomba haki ijulikane, akapita kwa wajane. Nyambu akatafuta maji ya kupuliza, akapata yale ya chumvi, akayapuliza, akaomba haki ijulikane. Mwadime akachukua mtaimbo, akaenda kukaa karibu na jiwe, hakupiga. Walipomaliza wote, ng'ombe alikuwa bado amefungwa pale pale, akitazama kibuyu.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipopokea hadithi hii, na zaidi ya hapo sikupewa. Yupo aliyejua kwamba mtu hayupo, kwa kuirudisha Amina. Yupo aliyejua alipo, kwa kuweka uso chini, naye akachelewa kuuinua. Yupo aliyejua njia ya kumtoa, kwa kuwa ndiye aliyemfukia, na akasema. Na yupo aliyekuwa chini, aliyeishiwa na maneno akapiga jiwe.

Je, nani alistahili ng'ombe?

Nakuomba unijibu. Usiniambie kwamba Mungu ndiye ajuaye, maana hilo kila mmoja pale alilisema, na ng'ombe hakukamuliwa. Taja jina la mtu mmoja, na utaje upesi: mtoto analia, na kiwele kimejaa.